Mzimu wa Kutuma Watu Hospitali

3 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba yule fundi amekuja kuziba paa la jikoni kama alivyoahidi. Mimi huku sijambo. Chumba nilichohamia kina dirisha moja, nalo linatazamana na ukuta wa kiwanda cha rangi, kwa hiyo nikitaka kujua kama mvua inanyesha inabidi nishuke ngazi. Kazini ni yale yale. Navaa vipokea sauti, nasikiliza watu wanachosema, nawaandikia chini ya picha wale wasiosikia, kama wewe. Taarifa ya habari asubuhi, kipindi cha wakulima mchana. Mistari miwili kwa mara moja, na kila mstari usizidi herufi thelathini na saba. Msimamizi wetu, ambaye tunamwita Rula, anazihesabu kweli. Wiki iliyopita mtaalamu wa mbolea alizungumza dakika nzima bila kuvuta pumzi, nikambana kwenye maneno kumi na mawili, na hakuna alichopoteza.

Sasa mama mdogo, nisizunguke mbuyu. Nilipokuja likizo mwezi wa kumi na mbili, ulipoinua mkono kuanika shuka nilikiona kile kitu karibu na kwapa la kushoto. Ukasema ni jipu. Jipu halikai mwezi na nusu. Mama naye alisema ni jipu, wewe na mimi tukamwamini, na siku tulipompeleka hospitali daktari alimtazama kisha akatutazama sisi, hakuwa na la kufanya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nakuomba uende ukapimwe. Ukishakwenda niandikie, hata mstari mmoja unatosha.

Jirani yako Bi Redio msalimie sana.

Mwanao


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Paa halijazibwa, fundi amekuja mara mbili kulitazama na kutikisa kichwa, nadhani anafikiria kulichumbia. Bi Redio anakusalimu. Ameng'olewa jino na sasa anazungumza upande mmoja wa mdomo, siwezi kumsoma hata neno, kwa hiyo majirani wengine wanasikia umbea bure na mimi naandikiwa kwenye daftari, tena kwa ufupi.

Nilitaka kukujibu siku ile ile. Lakini Jumamosi ndiyo ulianza msimu wa tatu wa tamthilia yangu, *Mpangaji wa Juu*, na tangu Jumamosi nina hasira hata chai hainipiti.

Unajua nilivyousubiri. Msimu wa pili waliuacha pale dada mkubwa, marehemu, amesimama juu ya ngazi, nguo inachuruzika maji ya kisima, mdogo wake yuko chini na sinia la vikombe. Marehemu akafungua mdomo. Basi, wakakata. Miezi kumi na moja nimeishi na mdomo wa yule mwanamke. Naosha vyombo, nawaza atasema nini. Kwamba anajua nani alimsukuma? Kwamba yule mtoto ni wake? Jumamosi nilifua mapazia tangu asubuhi, nikamwekea Bi Redio kiti chake, saa kumi na moja jioni tumeshakaa.

Mdomo ukafunguka. Maandishi yakaja chini. Nakunakilia kama yalivyokuwa, maana niliyaandika pale pale nisije nikaambiwa naota:

*Mdogo wangu, usiseme ni jipu.*
*Nilisema hivyo mimi, na nikafa.*

Halafu:

*Nenda hospitali ukapimwe.*
*Wiki hii, si wiki ijayo.*

Nikuulize wewe uliyesoma. Jipu gani? Huyu mwanamke alikufa kisimani. Tulimwona akizama, sehemu ya nne, msimu wa kwanza, dakika nzima ya mapovu. Na mdogo wake ana ugonjwa gani? Misimu miwili hatujamwona hata akipiga chafya. Mtu ametoka kaburini, amepanda kisima kizima kwa kucha, amesimama ngazini miezi kumi na moja, kumbe alikuwa na tangazo la wizara ya afya. Mzimu au muuguzi wa zamu?

Na upuuzi haukuishia hapo. Mdogo mtu aliposikia hayo akaangusha sinia, vikombe vyote vikavunjika, akapiga kelele. Hivi mtu akiambiwa akapimwe ndiyo anavunja vyombo? Kisha akakimbia kabatini, akatoa ufunguo, akautupa kisimani. Sasa hospitali inafunguliwa kwa ufunguo wa kabatini? Bi Redio alikuwa amejishika shingo kwa hofu, mikono yote miwili. Nikamdharau. Yule mwanamke ukimtishia na kijiko anatetemeka.

Walioandika ule mwanzo hawana haya. Walikuwa na mzimu bora kuliko mizimu yote ya televisheni, wakamvalisha koti jeupe. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi katikati ya mashine za kufuma mpaka zikanila masikio. Starehe niliyobakiwa nayo ni kusoma tamthilia moja kwa wiki, na hiyo nayo wameitia mchanga.

Hayo mengine uliyoniuliza tutazungumza.

Mama yako mdogo


2 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima, ingawa umelisema kwa neno moja. Pole na tamthilia. Mimi mambo hayo siyajui sana, unajua niko na mbolea yangu na bei za mahindi. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na nikajiuliza kama mzimu hakuwa na sababu. Marehemu anajua yaliyompata. Akimwona mdogo wake anapita njia ile ile, unataka amwambie habari za ufunguo? Mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Hapa kazini kuna joto, kipoza hewa kimekufa na Rula anasema hewa si haki ya mfanyakazi. Mwenzangu wa meza ya pili amejifungua salama, mtoto wa kike.

Uliandika "hayo mengine". Hayo mengine ndiyo niliyokuandikia mimi. Umekwenda?

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa mwenzako. Paa limezibwa, na sasa linavuja mahali pengine, fundi anasema hilo ni paa jingine. Bi Redio amepona jino, amerudi kusema pande zote mbili. Nguo siku hizi naanika kwa mkono wa kulia, ni mazoea tu.

Umenishangaza. Mimi nilikulea nikidhani una akili. Unamtetea mzimu yule? Mzimu akiwa na huruma si mzimu tena, ni shemeji. Kazi yake ni kututia baridi ya uti wa mgongo. Tukitaka kuonewa huruma tunao majirani.

Na kama ulidhani watajirekebisha, sikiliza. Sehemu ya pili, marehemu amesimama nyuma ya kioo, mdogo wake anachana nywele, maandishi yanasema: *Jumanne asubuhi foleni ni fupi.* Foleni! Mdogo mtu akazimia. Sehemu ya tatu mzimu ametoka ndani ya kabati la nguo, macho meupe, vidole virefu hivi, anasema: *Usiogope sindano. Ni dakika moja.* Mdogo mtu akapasua kioo kwa kichwa chake mwenyewe. Kwa ajili ya sindano ya dakika moja. Sehemu ya nne, hapo ndipo niliposimama nikaizima: *Mtoto wetu hana mama mwingine.* Mtoto yupi? Yule wa kwao ana baba, ana bibi, ana shangazi wawili, nyumba imejaa watu wa kumlea. Nilikaa na televisheni imezimwa na Bi Redio ananitazama, sikutaka aniandikie kitu.

Basi nimechukua hatua. Sikukaa kulalamika jikoni. Nimemwandikia mkurugenzi wa kituo chenu kurasa tatu, nimemnakilia maneno yote, tarehe na dakika, nimepeleka posta na nimesaini kitabu chao. Nimemwambia kwamba mimi ni mtazamaji kiziwi, sina pa kukimbilia zaidi ya maandishi yake, na nadai aliyeyatunga maneno yale atafutwe popote alipo, aachishwe kazi, akauze nyanya. Sikuweka jina lako, usihofu. Lakini ukikutana na mtu wa ofisi ya mkurugenzi, msukumie barua isilale.

Kuhusu lile swali lako, usinisukume. Na usiniandikie methali, hizo methali nilikufundisha mimi.

Mama yako mdogo


28 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Wiki tano tangu nikuandikie, sijapata jibu. Nilidhani posta, nikaenda kuwagombeza, wakanionyesha shubaka tupu. Bi Redio anakuulizia. Mimi nipo.

Nina mambo mawili, nitayasema kwa mfuatano nisije nikatukana kabla ya wakati.

La kwanza, tangu mwezi huu uanze mzimu amepona. Anazungumza kama mzimu. Anataka ufunguo, anataka mtoto, anataja kisima. Nikajisifu, nikasema barua yangu imefika, kumbe nchi bado ina wakurugenzi. Nikamwandikia Bi Redio: mwishowe amekumbuka ufunguo wake. Naye akaniandikia: ameutaja tangu siku ya kwanza, wewe ulikuwa unaangalia nini?

Nikamletea daftari langu lenye maneno ya mzimu. Akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikangoja amalize. Aliporudi juu kwenye lile neno la jipu akaacha kucheka, akanitazama hapa kwapani, yeye ambaye sijawahi kumwonyesha kitu. Akachukua kalamu akaandika: "Hakusema hivyo. Hata moja." Kisha akaniandikia aliyosema kweli yule mwanamke juu ya ngazi: *Mdogo wangu, sikuja kwa heri. Nataka ufunguo wa chumba changu. Na mtoto uliyemwita wako.*

Soma mwenyewe. Hayo ndiyo maneno niliyongoja miezi kumi na moja. Nchi nzima imeyapata, watu wamejishika shingo zao, mimi nimepewa foleni ya Jumanne.

Mimi ni kiziwi, si mjinga. Duniani kuna watu wawili wanaojua habari za jipu, na mmoja ni mimi. Wewe ulisema uko na mbolea. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukakaa kitako unaniuliza kama mzimu hakuwa na sababu, na mzimu ni wewe. Umemfanya dada yangu mchezo. Umeingia kwenye kitu kimoja tu nilicho nacho, ukakigeuza mtego wa kunikamatia. Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika, usidhani ni ya leo.

La pili. Ile barua ya mkurugenzi. Ilifika?

Niandikie.

Mama yako mdogo


9 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa kuzunguka, kwa sababu chumba cha ukuta wa rangi nimekihama. Nakaa na yule mwenzangu aliyejifungua. Namshikia mtoto, ananipa kitanda. Sijaugua.

Ilifika. Rula aliileta kwenye meza kubwa, sote wanane tupo, akaisoma kwa sauti kurasa zote tatu. Watu walicheka uliposema mzimu au muuguzi, na mimi nikacheka. Mwandiko niliutambua kabla hajafungua bahasha. Kisha akatoa maandishi yangu, akayaweka karibu na sauti, sehemu ya kwanza mpaka ya nne, akaanza kuhesabu herufi kwa mazoea, na katikati akaacha kuhesabu. Tarehe tatu Aprili nilikabidhi vipokea sauti. Nilikuwa nimehamishiwa tamthilia mwezi wa kwanza, nikakuficha, maana niliwaza haya tangu siku ile ya kwanza. Sasa niko kwenye duka la kutoa nakala. Sijakwambia kwa sababu sikutaka ujue mkono wako ndio uliofanya hivyo.

Rula alisema jambo moja zaidi. Alisema kuna viziwi wengine maelfu walikaa sebuleni kwao wakausubiri mdomo ule ule, na wao hawana jipu wala mpwa, nao nimewaibia. Ni kweli. Kwao naona aibu.

Kwako wewe sioni. Na mimi nina hasira zangu, acha nizitoe. Likizoni nilikuuliza uso kwa uso, ukasema ni jipu. Nikakuandikia kama mwanao, siku zikapita bila mstari. Nikajua mimi hunisikilizi, ila dada mkubwa akifungua mdomo utaacha hata kupumua. Basi nikamwazima mdomo. Ndipo ukanijibu "tutazungumza", nikakuandikia tena, ukajitia hamnazo. Ukasoma maneno yangu wiki nne, ukayanakili kwa dakika na tarehe, ukamwandikia mtu usiyemjua kurasa tatu ukaenda na posta kusaini, na kwangu ulishindwa kuandika "nimekwenda" au "siendi". Unajua kulalamikia mzimu asiyefaa. Kwapa lako mwenyewe huna hata mstari wa kuliandikia.

Mama alikufa nina miaka tisa. Wewe nikikupoteza nina thelathini na moja, na nitakuwa yatima vile vile.

Mwanao


24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie huyo mwenzako nimemshukuru, na mtoto umshike vizuri, shingo zao ni laini.

Sitaomba radhi kwa barua ya mkurugenzi, iliandikwa vizuri na kila neno lilikuwa la kweli kwa nilivyojua. Wewe nawe usiombe. Tumeharibiana, tumekuwa sawa. Lakini kazi yako nimeililia, hilo nakwambia, nililia jikoni na Bi Redio akajifanya anatazama paa.

Nimekwenda.

Hospitali yenyewe ni dhihaka. Wanaita majina kwa kupaza sauti. Nikamwonyesha dada wa mapokezi masikio yangu, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupaza sauti. Zamu yangu imepita mara mbili nimekaa mbele yake namtazama. Daktari ni kijana mwenye ndevu mdomoni, na anapozungumza anageukia dirisha. Nilikaa pale kama mzigo uliosahauliwa stoo. Walinichoma sindano wakavuta kitu. Si dakika moja, mwongo wewe.

Bi Redio ndiye aliyenisindikiza kuniandikia. Daktari alisema robo saa nzima, nikiona ndevu zinapanda na kushuka. Bi Redio akafuta macho, akaandika: "Mambo yatakuwa mazuri." Maneno matatu. Mwanamke huyu anaweza kukusimulia harusi asiyoalikwa mpaka rangi ya soksi za bwana harusi, lakini robo saa ya mwili wangu ameibana kwenye maneno matatu. Nimemkatalia asije tena.

Majibu ni tarehe kumi na moja Juni, saa tatu asubuhi, chumba namba sita. Njoo uniandikie wewe. Ni kazi uliyosomea, na waliokufukuza ni wao, si mimi. Ila usinitungie, mwanangu. Neno kwa neno. Tangu mwanzo wa mwaka huu kila mtu ananichagulia cha kusoma, na wa kwanza ni wewe. Kama ni baya nataka nilisome likiwa baya.

Ninaogopa. Mwezi wa pili uliponiandikia nilikuwa naogopa, na sikutaka kulisema kwa sababu wewe ungeogopa zaidi. Haya, nimelisema.

Mama yako mdogo


11 Juni, chumba namba sita

*Mama mdogo, nimekaa kushoto kwako, naandika anavyosema. Anasema majibu yamerudi. Ni saratani. Iko kwenye titi la kushoto na kwenye tezi moja ya kwapani. Wamepiga picha kifua na ini, hawakuona kitu huko. Anasema lazima waondoe titi lote. Baadaye utapewa dawa za mshipa, miezi sita, nywele zitanyonyoka, utatapika. Anasema wengi wanaoanza matibabu wakiwa hapa ulipo wanapona, lakini hawezi kukuahidi. Anauliza kama umeelewa.*

Nimeelewa. Mbona anafunua kalenda?

*Anatafuta siku ya kukupasua.*

Kabla ya kalenda alisema kitu kirefu. Akakutazama wewe, si mimi. Na kalamu yako ilisimama.

*Alikuwa anaeleza tu taratibu zao.*

Mimi nasoma watu tangu hujajua kusoma vitabu. Andika.

*Mama mdogo, haisaidii sasa.*

Andika.

*Alisema ungekuja mwanzo wa mwaka, uvimbe ungekuwa bado haujafika kwenye tezi. Wangetoa uvimbe peke yake, na titi lingebaki.*

Haya. Sasa nimesikia yote. Mwambie apange siku.